Uji Mchachu wa Meneja

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Maji ya ndoo iliyolala nje yameganda juu. Habari kubwa ni moja: Rra Moatlhodi, mkuu wa ghala la ushirika wetu wa wafugaji, anastaafu mwisho wa mwezi. Miaka tisa nimekuwa naibu wake. Miaka tisa! Nimehesabu magunia ya pumba, chupa za dawa ya kupe na mawe ya chumvi ya ng'ombe mpaka nayaota. Kiti ni changu. Mwenye macho anaona.

Tatizo: anayeteua ni meneja, na meneja wetu, Mma Habangana, alikuja hapa Kanye kutoka kaskazini mwa Botswana mwezi wa pili tu. Hanijui. Hajui kwamba mimi ndiye niliyebuni utaratibu wa kutia alama ya kalamu ya kijani kwenye bidhaa zilizopitwa na muda. Atatangaza jina Ijumaa ya wiki ijayo.

Saa moja nilikuwa getini kwa Mma Sethunya, kama kila siku. Magwinya manne ya moto, ndiyo maandazi yetu ya duara. Katika kazi ya kukanda unga na kuutumbukiza kwenye mafuta, mama huyu hana mwenzake. Chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Mafuta yalinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hapo ndipo akapita Seleka, keshia wetu, miaka ishirini na tisa, suruali ya kubana, mkononi tufaha. Tufaha! Baridi yote hii! Nyuma yake akapita meneja. Akamtabasamia Seleka. Mimi akanitazama kiwiko.

Nimewaza siku nzima. Nimefikia hili: binadamu humwamini anayekula kama yeye. Sasa, Mma Habangana hula nini asubuhi? Hakuna anayejua. Hufika saa moja, hufunga mlango, hufungua saa mbili kasoro kumi. Mma Gaolathe, mama anayetupikia chai na kufagia, humpelekea bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Nilimwuliza ndani ya bakuli mna nini. Akasema mna kilichofunikwa.

Nitajua tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Dodoso.

Nimeliita "Uchunguzi wa Tabia za Asubuhi za Wafanyakazi". Limetolewa na Kamati ya Ustawi. Kamati hiyo haikuwepo jana. Mwenyekiti ni mimi. Maswali ni mawili tu: unakula nini kila asubuhi, na ungependa kula nini. Nafasi ya jina ipo, na ni lazima. Nakala kumi na moja: meneja, Rra Moatlhodi, Seleka, Ntesang dereva, mlinzi, na wengine wote wa ofisini na ghalani. Mma Gaolathe sikumpa. Yeye ni wa chai.

Seleka alisoma lake, akacheka kwa pua. Akaniuliza kama sasa ushirika wa wafugaji umeanza kulisha watu badala ya ng'ombe. Nikamwambia ajaze tu.

Jioni nilimsomea Mma Laone maswali yangu nikitarajia sifa. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema maswali ni mazuri. Akasema pia kwamba huu ni mwaka wa kumi na saba tangu nimwoe na sijawahi kumwuliza yeye hata moja kati ya hayo mawili. Nikamweleza kwamba uchunguzi huu ni wa wafanyakazi. Akaendelea kukunja.

Jumatano, 5 Juni

Fomu zimerudi zote. Sikujua kama nafanya kazi na watawa.

Ntesang, ambaye kila siku hula magwinya sita na bado hulamba karatasi, ameandika: "Matunda na maji ya uvuguvugu." Mlinzi: "Yai la kuchemsha, moja." Rra Moatlhodi: "Ninachojaliwa." Seleka: "Tufaha. Wakati mwingine nusu." Watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeandika magwinya. Na mimi? Mimi niliandika: "Uji mwepesi." Niliona aibu kuwa peke yangu.

Lakini fomu ya Mma Habangana! Nimeisoma mara nne. Mwandiko umesimama wima kama uzio: "Ting. Uji mchachu wa mtama, bila sukari, kama mama alivyonifundisha."

Nimeshika ufunguo wa ghala, ni kama tayari.

Kasoro ndogo ipo. Ting siiwezi. Nikiwa na miaka saba, kule mashambani kwa bibi, nililazimishwa kumaliza bakuli zima, na nilichofanya juu ya ngozi ya kulalia ya babu bado husimuliwa misibani. Lakini yule alikuwa mtoto. Sasa ni mtu mzima mwenye malengo.

Alhamisi, 6 Juni

Nilimwomba Mma Laone anilowekee unga wa mtama uchachuke. Akasema kwa baridi hii utataka siku tatu, labda nne. Nikasema ninayo siku moja. Akasema basi nizungumze na baridi.

Nimeloweka mwenyewe. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kilo tatu za unga, maji ya moto. Nimeiweka ubavuni mwa jiko. Nikatia hamira vijiko vitano kuusaidia.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi unga haukuwa umechachuka. Ulikuwa umevimba tu, kama mtu aliyeudhika. Nikachota, nikapika uji, nikamimina siki ya kutosha. Nikaenda nao kazini kwenye chupa ya chai.

Saa mbili kasoro kumi niliketi kwenye benchi linalotazamana na mlango wa meneja, bakuli magotini. Mlango ulipofunguka nikaanza kunywa kwa sauti. Mma Habangana akasimama. Akanusa.

"Rra Laone, hicho ni nini?"

"Ting, Mma. Bila sukari. Ndivyo nilivyolelewa."

Akatazama bakuli. "Una moyo, Rra," akasema, akaenda zake.

Una moyo! Kwa maneno yake mwenyewe! Nikamaliza bakuli lote. Kisha nikaenda nyuma ya mawe ya chumvi, nikakaa huko dakika ishirini. Mambo ya huko sitayaandika.

Saa kumi meneja akaniita. Akauliza lile dodoso lilikuwa la nini hasa, na matokeo yake yako wapi. Sikuwa na matokeo. Nikasema ripoti itasomwa Jumatatu mbele ya wafanyakazi wote. Sijui kwa nini nilisema "mbele ya wafanyakazi wote". Ulimi ulijiendea.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi mfuniko wa ndoo uliruka. Mma Laone anasema alidhani ni bomba la gesi. Uji uko kwenye dari, kwenye kalenda, na kwenye picha ya harusi, upande wangu. Nimefuta mpaka saa sita. Mma Laone alikaa nje juani muda wote huo, akisuka kikapu. Sijui alitoa wapi utulivu.

Mchana nikaandika ripoti. Ili kujizoeza, nikamwuliza Mma Laone lile swali la kwanza: anakula nini kila asubuhi?

Akasema kiporo. Kinachobaki usiku. Kisipobaki, chai.

Nikauliza kwa nini hali magwinya kama watu. Akasema mimi nikishaondoka anatafuta soksi zangu, anafua, anawahi zamu yake kliniki, na magwinya ni chakula cha mtu aliyekaa. Nikaandika. Haikunisaidia kwenye ripoti.

Jumatatu, 10 Juni

Ushindi. Naandika upesi kabla sijasahau maneno.

Wote walisimama uani saa moja na nusu, mvuke ukiwatoka midomoni. Nikasoma. Nilisema kwamba kwa mujibu wa uchunguzi, wafanyakazi kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja hawali magwinya. Kwamba hivyo basi muuzaji wa magwinya aliyeko getini hamhudumii mtu yeyote, ila moshi wake unatuingilia na mafuta yake yanachafua hati za kupokelea mizigo. (Kiwiko changu sikukitaja.) Kwamba Kamati inapendekeza ahamie kituo cha mabasi, na kwamba mahali pake liwekwe sufuria la ting kwa wote, kila asubuhi, kwa ajili ya afya na mila.

Nikasema: anayepinga anyooshe mkono.

Ntesang alikuwa na magwinya mawili mfukoni, nayaona kabisa, koti limetota. Hakunyoosha. Angenyooshaje? Fomu yake ninayo.

Mma Habangana alitazama juu, kama anayetafuta ndege. Kisha akasema, "Kama ndivyo wote walivyoandika." Akatia sahihi.

Kilichobaki ni kumwambia Mma Sethunya. Nilipewa kazi hiyo mimi, kama mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Hakuna anayekula?"

"Hakuna, Mma. Imechunguzwa."

"Na haya mia moja na ishirini ninayouza hapa kila siku, huwa nawauzia mizimu?"

Nikamwambia takwimu ni takwimu. Akaanza kupakia karai lake kwenye toroli. Akasema miaka tisa amekuwa akiniwekea manne yaliyoiva zaidi pembeni, chini ya kitambaa, hata siku za mvua. Akasema hakuwa anajua kwamba ananilisha bila mimi kula. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Mchana sikuwa na njaa. Labda ni ile siki.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya kwanza ya sufuria la ting. Halisi, safari hii. Seleka kaleta unga uliochachuliwa na mama yake! Aliingia nao kwenye chungu cha udongo, kifua mbele, akasema kwao ting haijawahi kukosekana. Muongo! Mtu wa nusu tufaha! Lazima amezisoma fomu zangu. Droo yangu haifungi.

Tulikunywa mbele ya mlango wa meneja, yeye benchi la kushoto, mimi la kulia. Akaongeza bakuli la pili. Nikaongeza la pili. Akafumba macho na kusema "Aah." Nikasema "Aaaah." Akachukua la tatu. Nikachukua la tatu na la nne. Mma Gaolathe alipita na sinia lake, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama tuletewe ndoo.

Wengine wote walitoweka. Saa mbili kaunta ilikuwa na wafugaji saba na hakuna mhudumu. Walirudi saa mbili na nusu, mmoja mmoja, kutoka upande wa kituo cha mabasi, wakijifuta midomo. Mlinzi aliacha geti wazi. Mbuzi watatu wameingia wakala lebo za magunia.

Meneja alifungua mlango saa mbili kasoro kumi, uso umekunjamana. Akamkaripia Ntesang kwa kupaki vibaya. Akamkaripia Rra Moatlhodi kwa kustaafu.

Jumatano, 12 Juni

Sijisikii vizuri, tumbo na roho pia.

Nilimfuata Mma Gaolathe jikoni kwake kuomba maji ya moto. Nikamwambia, kwa kujisifu kidogo, kwamba huenda meneja ananuna kwa sababu ting yetu si kali kama ya kwao. Akaweka birika chini. Akacheka mpaka akashika meza.

"Ting? Mma Habangana? Wee Rra Laone, huyu mama tangu aje namletea magwinya manne ya Mma Sethunya na kipande cha soseji. Manne! Ndiyo yale yaliyokuwa kwenye bakuli. Anafunga mlango ili asionekane na mafuta. Leo siku ya pili hajala, kituo cha mabasi mbali, na kuniagiza huko mchana kweupe anaona haya. Ameshatia sahihi."

Nikauliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo.

"Uliniuliza mna nini kwenye bakuli. Hukuniuliza meneja anakula nini. Na fomu hukunipa."

Nikakaa juu ya gunia la sukari. Magwinya manne. Miaka tisa nakula magwinya manne, nje, getini, kila mtu ananiona! Nilichotakiwa kufanya ni kukaa pale pale na kutafuna!

Lakini mtu hapotezi muda kulia. Ukweli huu ninao mimi, Seleka hana. Yeye anamimina ting tu. Nimepanga: kesho nitampenyezea meneja magwinya kwa siri. Atajua ni nani anayemjua.

Nilipitia kituo cha mabasi. Mma Sethunya alinitazama, akatazama foleni, akaita, "Anayefuata!" Nikasema ni mimi ninayefuata. Akasema yeye anamwona mtu mwenye takwimu, mteja hamwoni. Watu wakacheka. Mmoja aliyekuwa anacheka alikuwa Ntesang.

Alhamisi, 13 Juni

Mma Laone alinikaangia. Nilimbembeleza tangu jana jioni. Aliuliza ni ya nani. Nikasema ya meneja. Akakunja mikono ya gauni, akachukua unga. Yalitoka kumi na matatu, ya duara, mekundu, mazuri kuliko nilivyotegemea. Nikafunga sita.

Mpango: boksi la mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe. Makopo sita kwa boksi. Nikatoa makopo ya boksi moja, nikatia magwinya sita, saizi ile ile kabisa. Ili nisilipoteze, nikatia alama ndogo kwa kalamu ya kijani. Nikaliweka chini ya kaunta. Nikampitia meneja, nikamnong'oneza kwamba saa nne atapata mzigo wake, wa moto. Akanitazama kwa namna ambayo si ya hasira. Nina hakika alimeza mate.

Saa nne boksi halikuwepo.

Nimetafuta kila mahali. Nimefungua maboksi arobaini. Meneja alifungua mlango saa nne na dakika tano, akachungulia, akafunga. Saa nne na nusu, tena. Saa tano akafunga kwa kishindo.

Niliporudi nyumbani jioni nikasema angalau nitakula yale saba yaliyobaki. Sahani tupu. Mma Laone alisema ameyala yote, moja baada ya jingine, akiwa amekaa. "Akiwa amekaa" alilisema mara mbili.

Ijumaa, 14 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wote tulikuwa tumekusanyika kwenye kaunta tangu saa tatu kusubiri tangazo. Nimevaa tai. Seleka amevaa tai pana zaidi. Meneja akatoka, karatasi mkononi, akasafisha koo. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akaingia mzee mmoja mfugaji, Rra Kebonang, anatoka malishoni mbali huko, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaweka boksi juu ya kaunta. Boksi langu.

"Jana mmeniuzia mafuta ya kukamulia," akasema. "Nimesafiri nayo mpaka kwangu. Nimemfunga ng'ombe miguu. Nimekaa chini. Nimefungua boksi. Ng'ombe ananitazama, namtazama. Jamani! Mle ndani mna maandazi!"

Meneja akashusha karatasi yake.

"Sisemi yalikuwa mabaya," mzee akaendelea. "Nimekula manne. Mawili nimempa mke wangu, anauliza kama mnauza ya kuagiza. Kwa maandazi sina ugomvi na mtu. Lakini ng'ombe wangu chuchu zimepasuka, na hayo maandazi ningempakaje?"

Meneja akauliza nani aliyeuza. Seleka, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akitoka jasho, akasema boksi lilikuwa na alama ya kijani. Alama ya kijani maana yake muda umepita, litolewe kwa bei ya kutupa. Utaratibu wa Rra Laone mwenyewe. Yeye alifuata utaratibu.

Wote wakanigeukia. Nikatazama tai yangu.

Meneja akasema kwanza mzee apewe mafuta yake. Nikakimbia ghalani. Makopo niliyoyatoa nilikuwa nimeyaficha, na nilikoyaficha nimepasahau. Nikapekua rafu hii, nikapekua ile, boksi jingine la mafuta sikuliona. Rra Moatlhodi akaja kunisaidia, naye akaanza kutafuta miwani. Seleka akaja, akatoa chanjo badala ya mafuta. Tukasikia sauti nyuma yetu.

"Rafu ya tatu, nyuma ya chanjo ulizozitoa," Mma Gaolathe akasema, sinia mkononi. "Boksi zima. Lilikuja tarehe ishirini mwezi uliopita, limebonyea pembeni. Na makopo sita ya Rra Laone yako ndani ya buti zake za mvua."

Meneja alikuwa mlangoni. Akamwuliza amejuaje yote hayo.

"Nafuta vumbi humu kila siku, Mma. Na kusoma najua."

Mzee akapewa makopo yake, na sita ya nyongeza kwa usumbufu. Akaondoka akiuliza tena habari za maandazi. Tulipobaki wenyewe, Mma Habangana akaiweka ile karatasi ya tangazo juu ya kaunta. Akauliza swali moja.

"Nani hapa hula magwinya?"

Hakuna mkono. Ntesang alitazama dari. Mlinzi akatazama geti.

Ndipo akanyoosha wa kwake. Mkono wa meneja, juu kabisa, na saa yake ya dhahabu.

"Mama yangu alikuwa anakaanga magwinya kituo cha mabasi Francistown," akasema. "Anaamka wakati sisi tumelala. Ada yangu ya shule yote ilitoka kwenye lile karai. Nikaja huku nikawa meneja, mkaniletea fomu, nikaandika ting. Nimeandika kwamba mama ndiye aliyenifundisha." Akashusha mkono. "Mama hata kuipika hakujua."

Sikujua nitazame wapi, nikatazama mawe ya chumvi.

Kisha Ntesang akanyoosha mkono. Mlinzi akanyoosha. Rra Moatlhodi. Wote. Mimi nikanyoosha miwili, kufidia. Seleka alikuwa wa mwisho, na alinyoosha mpaka kwenye sikio tu.

Meneja akaagiza Ntesang achukue gari akamrudishe Mma Sethunya na karai lake getini, na aombe radhi kwa niaba ya ushirika. Kisha akachukua kalamu, akakata jina lililokuwa kwenye karatasi ya tangazo, akaandika jingine. Mkuu mpya wa ghala kuanzia Julai: Mma Gaolathe.

Jina lililokatwa sikuliona. Nilijaribu kulisoma mgongoni mwa karatasi, akaikunja.

Mimi naendelea kuwa naibu. Pia nimepewa sufuria la ting nilioshe. Limegandia.

Jumapili, 16 Juni

Nimetafakari kwa utulivu siku mbili. Nimeona kosa lilipokuwa. Chakula! Chakula ni jambo la siri, watu hudanganya. Nilichagua njia mbaya, lakini wazo lilikuwa sahihi.

Mkuu wangu mpya ni Mma Gaolathe, na kuna jambo lake ambalo haliwezi kufichwa: anaimba. Yumo kwenye kwaya ya kanisa lao, ile inayofanya mazoezi Jumamosi alasiri. Na binadamu humwamini anayeimba naye. Hili ni wazi kabisa, nashangaa sikuliona mapema. Naibu mwenye sauti nzuri ghalani, kisha Mma Gaolathe naye atastaafu siku moja. Ana miaka hamsini na nane. Nimepiga hesabu.

Jana nilikwenda kwa fundi, nikaagiza sare ya kwaya. Ya kijani, yenye kola nyeupe. Fundi amesema itakuwa tayari Alhamisi.

Nimemweleza Mma Laone. Alikuwa anakunywa chai, amekaa. Akasema kwaya ile huvaa bluu.

Nikamwuliza yeye amejuaje.

Akasema anaimba humo, huu mwaka wa kumi na moja.

Inawezekana. Nitachunguza.